Ushauri wa upasuaji wa uso kwa njia ya video: tathmini ya mteja wa Moshi

Kliniki ninayoizungumzia iko Bangkok nami naishi Moshi, kwa hiyo ninachokitathmini ni huduma yake ya ushauri kwa njia ya video tu, ile inayotolewa kabla mteja hajalipa amana ya upasuaji wa kuufanya uso uwe wa kike. Jina lake siliandiki, kwa kuwa nina malalamiko na wao hawapo hapa kujibu.

Mimi ni mwanamke transi, yaani nilizaliwa nikahesabiwa mwanamume, na nilianza kutumia homoni ukubwani. Homoni zimelainisha ngozi na kuyajaza mashavu, lakini mfupa uliokwisha kukomazwa na balehe haubadilishwi na dawa, na hasa mfupa wa juu ya nyusi ndio unaonikera kila ninapojitazama.

Sehemu bora ya huduma hii ni daktari mwenyewe. Alizifungua picha za CT scan nilizopigwa hapa Moshi, akalizungusha fuvu langu kwenye skrini, kisha akanionyesha kwa kishale ukuta mwembamba wa mfupa unaofunika uwazi wa hewa ulio nyuma ya paji. Alieleza kwamba kwa mtu mwenye uwazi mkubwa kama wangu mfupa hauwezi kusagwa tu, kwa sababu utatoboka. Inabidi ukuta huo ukatwe, uchongwe upya, kisha urudishwe ukiwa umeingia ndani zaidi na kushikiliwa kwa vibati na skrubu ndogo za titaniamu. Njia hiyo msingi wake ni kazi ya Douglas Ousterhout, daktari wa San Francisco aliyeanza upasuaji wa aina hii miaka ya 1980. Hakunificha kwamba ngozi ya kichwa hufa ganzi kwa miezi kadhaa na pengine sehemu yake isipate hisia tena kamwe, wala kwamba uvimbe wa mwisho unaweza kuchukua hata mwaka kuisha.

Mkato wenyewe hupita juu ya kichwa, sikio hadi sikio. Ukipitishwa ndani ya nywele, kovu hufichika lakini paji linaweza kurefuka kidogo. Ukipitishwa mpakani mwa nywele, paji linaweza kufupishwa lakini kovu hubaki mbele. Nikamuuliza itakuwaje nikisuka twende kilioni. Hakuelewa, nikamgeuzia kichwa mbele ya kamera aone jinsi mistari inavyovutwa kuelekea kisogoni na mpaka mzima wa mbele unavyobaki wazi. Alinyamaza, akaomba nisogee karibu, kisha akasema kwamba nywele zangu za pembeni zimekwisha kudhoofishwa na kuvutwa na kwamba kwangu angependelea kukata ndani ya nywele. Jibu hilo peke yake lilistahili ada ya ushauri.

Fomu yao, kwa upande mwingine, inauliza kuhusu sigara, pombe na hata meno ya bandia, lakini haiulizi chochote kuhusu keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Sisi Waafrika hupata keloidi zaidi ya watu wengi, na mimi ninayo moja kwenye ndewe, mahali nilipotoboa sikio. Kama nisingeitaja mwenyewe, ingepita kimya.

Lililoniudhi zaidi ni picha ya kompyuta ya uso wangu utakavyokuwa. Pua ilikuwa imebanwa, taya limepunguzwa hadi kidevu kikachongoka, na kwa ujumla alikuwa mrembo wa mahali pengine kabisa. Taya hili la pembe ninaliona kwa shangazi zangu wote, wanawake ambao Kibosho nzima hakuna aliyewahi kuwadhania kuwa wanaume. Daktari alikubali kwamba taya si lazima liguswe, tena akakumbusha kwamba mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa huo. Hata hivyo mratibu wake alinitumia bei ya kifurushi kizima, paji, pua, taya na kikoromeo, jumla ya fedha ambazo hapa Moshi mtu hununua kiwanja na kupandisha msingi. Kikoromeo sikukiomba kamwe. Changu hakionekani, na kukichonga kupita kiasi huweza kuharibu sauti.

Mratibu ni mpole, ila saa tatu asubuhi ya kwao ni saa kumi na moja alfajiri huku, naye hupiga simu bila kutanguliza ujumbe. Kwa mtu anayeishi na ndugu wasiojua habari zake, hilo si jambo dogo. Nilimwomba atumie maandishi tu, akatii. Alithibitisha pia kwamba hutoa barua ya kuwaonyesha maofisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege wa KIA iwapo uso hautafanana na pasipoti, na kwamba barua hiyo hutaja upasuaji wa uso pasipo kueleza sababu.

Kwa anayetaka kuuelewa mfupa wake kabla ya kuamua, ushauri huu ninaupendekeza. Bei yao ya kifurushi, hapana. Nimewaandikia kwamba ninafikiria paji la uso peke yake, na nimetaka daktari ajibu kwa maandishi kuhusu keloidi na kuhusu nani atakayeliangalia kovu nikisharudi Moshi. Amana sitalipa kabla ya majibu hayo.