Mihuri ya kadi za Krismasi: upi ununue ukiwa Mwanza

Novemba ikifika, wenzangu wa jumuiya huniuliza: kadi za Krismasi za kutengeneza kwa mkono, ninunue muhuri gani? Jibu langu huwaudhi waliokwisha kuagiza seti mtandaoni. Nendeni kwa fundi mihuri.

Nafasi ya kwanza naipa mpira mtupu wa fundi huyo huyo anayezichongea ofisi mihuri yao. Ule wa kujipaka wino wenyewe achana nao: unalipia kasha, na picha inabanwa iwe ndogo. Mwambie akuchongee mpira tu, aubandike kwenye kipande cha mbao. Mpelekee mchoro wa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mistari iwe minene kuliko unavyodhani inatosha, maana nafasi nyembamba huziba wino na mstari wa unywele hukatika. Kuugeuza mchoro kushoto-kulia ni kazi yake, lakini mkumbushe.

Kinachoupandisha mpira huu juu ya yote ni picha yenyewe. Seti za kuagiza zimejaa theluji, misonobari na kulungu. Mimi ninao muhuri wa mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani hapa Mwanza, wenye nyota juu yake, na mwingine wa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa usiku wa giza, taa yao ikining'inia. Nikigonga mtumbwi peke yake chini ya kadi, ile taa inatosha kuwa nyota ya Bethlehemu. Shangazi yangu wa Dodoma kaibandika ukutani mpaka leo.

Ya pili: raba ya kufutia penseli na wembe. Ni rahisi kuliko soda, na kwa nyota ndogo, majani au samaki haina mpinzani. Ila maandishi usijaribu. Mwaka wa kwanza nilichonga NOELI nikasahau kugeuza herufi. Kadi kumi na mbili zikatoka zikisomeka kutoka kulia, babu akauliza nimeanza lini Kiarabu.

Ya tatu ni mihuri ya kuagiza ya mpira kwenye mbao. Inadumu miaka na inakubali karibu kila wino, lakini gharama! Ukitaka, nunua mmoja tu.

Mwisho kabisa, seti laini zinazoonyesha kama jeli. Uzuri wake, unaona hasa mahali unapogonga. Ubaya: mara nyingi kile kibao cha kuzishikia kinauzwa peke yake, jua huzifanya za njano, na wino wenye spiriti huziharibu. Kama umeshanunua, haya, zisugue kidogo kwa raba kabla ya kutumia mara ya kwanza, la sivyo wino utajikusanya matone matone. Osha kwa maji na sabuni kidogo, uzifunike zisipigwe na jua.

Pesa iliyobaki ipeleke kwenye wino na karatasi. Watu wanahangaika kutafuta wino wa Krismasi wakati pedi za wino za ofisi zinatengenezwa hata nyekundu na kijani! Shida yake ni moja, haukauki kwenye karatasi ya kung'aa. Chukua manila isiyong'aa, na dukani gusa ukingo wake kwa kidole chenye mate; ikinywa mate, itakunywa na wino. Karatasi moja ya A4 ukiikata katikati unapata kadi mbili za kukunja. Lakini bahasha nunua kwanza, ndipo upime kadi.

Unapogonga, tandika gazeti chini, kandamiza wima, usiyumbishe mkono.

Na mvua za vuli hizi, wino unachelewa. Zitandaze kadi usiku kucha bila kubebana, kama dagaa juu ya mwamba. Mwaka jana nilizirundika nikalale, asubuhi kila kadi ina mtumbwi wa pili mgongoni.