Msumeno wa betri, volti 18 au 36? Pima bamba kwanza

Nilinunua msumeno wa duara wa betri, volti 36, kwa sababu muuzaji alinikomalia kwamba 18 mbao haiziwezi, ni za kutobolea tu. Nikaamini. Siku ya kwanza napasua mbao kwa urefu, moshi, mkato umeungua kahawia upande mmoja, betri imeisha hata mbao ya nne sijamaliza. Nikadhani bledi butu, nikaweka mpya, yale yale.

Kumbe tatizo ni bamba la chini, lile linaloteleza juu ya mbao. Halikuwa sambamba na bledi. Meno ya mbele yanaingia sawa, ya nyuma yanasugua ukuta wa mkato, hapo ndo joto linapotoka na betri inaliwa bure, na nguvu ikiwa kubwa ndo hatari zaidi maana msumeno wa 18 ungelemewa mapema nawe ukashtuka, huu wa 36 unalazimisha tu mpaka bledi ibanwe na msumeno ukurukie.

Watu wanauliza volti, wanauliza spidi, bamba hakuna anayelitazama! Fanya hivi: toa betri, shusha bledi mpaka mwisho, funua kinga, pima kutoka jino moja la mbele hadi ukingo wa bamba, halafu zungusha bledi jino hilohilo liende nyuma, pima tena. Vipimo visipolingana tafuta kama kuna skrubu ya kurekebisha, kama haina achana nao. Kisha liweke bamba mahali palipo tambarare kabisa, likitikisika limepinda. La bati jembamba likianguka mara moja limekwisha, la alumini nene linavumilia.

Mimi ni mpenzi wa vifaa vya Makita, sifichi. Namba moja kwangu ni Makita wa 18 wenye bledi ya milimita 165, unaingia milimita 57 ukikata wima, mbao ya inchi mbili unaipita mara moja, na betri ndo ileile ya drili na grainda. Namba mbili Makita wa 36, ule ulioandikwa 40. Una nguvu kweli, kama kutwa nzima unapasua mbao ngumu nene chukua huo, ila betri zake haziingii kwenye vifaa vya 18 kwa hiyo unaanza kununua upya. Na usidanganywe kwamba utadumu mara mbili: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ni wati-saa 90 (umeme wote uliomo), ya 36 yenye 2.5 ni 90 hizohizo.

Zile za bei rahisi zisizo na jina, nilizoshika zote bamba ni bati. Zipite.

Halafu hii ya betri moja kuandikwa volti 20 na nyingine 18 inaniudhi sana. Ni kitu kimoja! Seli tano, kila moja volti 3.6 ikiwa kazini, karibu 4 ikijaa, lakini muuzaji anakuongezea bei kwa ajili ya namba kwenye stika. Wengine boksi lina picha ya betri, ukifungua ndani hakuna betri wala chaja.

Wangu nilipourudisha nikaambiwa bledi imeshagusa mbao, hawaupokei. Sasa bila kukata ningejuaje? Nenda na rula yako, pima palepale mbele yake kabla hujatoa hela.