Docker au Podman: uanze na ipi?

Vijana wa hapa Goma wananiuliza hivi kila mara. Zote mbili ni programu za kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji. Kwa upande wa mega za intaneti hakuna mshindi: zote mbili zinapakua imeji (vifurushi vya kuanzishia kontena) zilezile, na ile ya Alpine, Linux ndogo, haifiki MB 10. Umeme ndio unaozitenganisha. Ukikatika na kurudi, Docker huziamsha kontena ulizoziwashia kwa `--restart always`, maana ina huduma inayokesha chinichini. Podman haina, kazi hiyo unaikabidhi systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, na anayeanza huhangaika hapo. Ila huduma ya Docker kwa kawaida ina mamlaka ya root (mtumiaji mwenye uwezo wote kwenye mashine), jambo linalonitia hofu kwenye mashine ya watu wengi. Seva yako mwenyewe pale Himbi? Docker. Kompyuta ya wanafunzi kumi? Ningeweka Podman.