Uzoefu wangu: kadi za Clemente zilizochakaa, na hela niliyotoa kuzipimisha

Niko Pittsburgh mwaka wa saba huu, kwetu Tanga, na kabla sijaja huku besiboli nilikuwa naiona kwenye muvi tu. Kilichoniingiza kwenye kadi, yani zile picha za wachezaji za karatasi ngumu ambazo watu wanakusanya, ni daraja. Kila siku nikienda kazini napita kwa miguu Roberto Clemente Bridge, lenye jina la mchezaji wa zamani wa Pirates, timu ya besiboli ya hapa, lile la njano linalokushusha PNC Park, uwanja wa timu hiyo, pale pana sanamu yake, na ndani ya uwanja ukuta wa upande wa kulia una urefu wa futi 21 kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 21, nikawa najiuliza huyu mtu alifanya nini mpaka mji mzima umshike hivi. Siku moja nikaingia duka la kadi lililo njiani nikauliza.

Mzee anayeuza pale alimwona Clemente akicheza kwa macho yake. Hakunionyesha zile za kwenye kabati la vioo, alivuta boksi la chini lenye kadi zilizochoka, akanitolea Topps (kampuni inayochapa kadi hizi) ya 1973 namba 50, kona zimelika, mkunjo mmoja juu, dola 30. Akaigeuza akaniambia mwanangu soma nyuma kwanza. Nyuma kuna takwimu za mwaka kwa mwaka toka 1955, na kwenye safu ya hiti (yani mara alizoupiga mpira akafika besi salama) jumla pale chini ni 3,000. Kamili kabisa. Ya 3,000 aliipiga tarehe 30 Septemba 1972 hapahapa Pittsburgh, Three Rivers Stadium, dhidi ya timu ya Mets. Tarehe 23 Desemba tetemeko likapiga Managua, Nicaragua, yeye akiwa kwao Puerto Rico akaanza kuchangisha misaada, akasikia ile iliyotangulia inaibiwa njiani, akasema atapeleka mwenyewe, akapanda ndege mkesha wa mwaka mpya, ndege ikaanguka baharini muda mfupi tu baada ya kuruka. Miaka 38. Mwili wake haukupatikana mpaka leo. Jumba la mashujaa wa besiboli lina sheria ya kusubiri miaka 5 baada ya kustaafu, kwake wakaiweka pembeni wakamwingiza 1973. Nimesimama pale dukani na kakaratasi kadogo mkononi, namba zimeishia 3,000 na hakuna mstari unaofuata, nikalipa bila kuomba punguzo.

Toka siku hiyo nikaamua nitafute za miaka yake yote, isipokuwa ile ya kwanza ya 1955 maana hata iliyochakaa inakwenda maelfu ya dola. Hapo ndipo nilipogundua jambo la jina. Kadi ya 1955 na ya 1956 zinasema Roberto. Kuanzia 1957 Topps wakaanza kumwandika Bob Clemente, na wakaendelea hivyo hivyo mpaka 1969. Mtu anaitwa Roberto, anasema wazi kwamba jina lake ni Roberto, nao wanachapa Bob mwaka hadi mwaka! Na katikati ya huo u-Bob mtu alichukua ubingwa wa kupiga (yani wastani wa hiti mkubwa kuliko wote kwenye ligi yake) mara 4, 1961, 1964, 1965 na 1967, na mwaka 1966 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mimi naitwa Shamsudini, kazini msimamizi alinichapishia beji imeandikwa Sam siku ya kwanza bila kuniuliza, miaka 4 nimeivaa, kwahiyo nilivyozipanga zile kadi mezani zote Bob Bob Bob kifua kilinibana. Beji nimeomba nyingine, nimeshapewa, jina limeenea vizuri tu.

Sasa nije kwenye huduma ya kupimisha, maana wengi wananiuliza. Kuna makampuni unawatumia kadi, wanaikagua, wanaipa maksi 1 mpaka 10 alafu wanaifungia kwenye kasha la plastiki gumu. Nilituma mbili, ya 1969 niliyonunua mtandaoni kwa mtu, na ya 1971 kutoka kwa mzee. Waliniambia mwezi mmoja na nusu, ikawa miezi minne, kila nikiandika napata jibu lilelile la kompyuta. Ya 1971 ikarudi na maksi 3, hiyo nilitegemea, zile za 1971 zina fremu nyeusi na wino mweusi unabanduka ukigusa kidogo tu kwahiyo kingo zote zinakuwa nyeupe nyeupe. Ya 1969 ikarudi haina maksi, wameandika imekatwa kingo. Yani mtu kachukua wembe kapunguza pembeni ili kona zionekane mpya! Muuzaji nilipomrudia akasema muda wa kurudisha umepita, na kweli ulikuwa umepita, kwa sababu kadi ilikaa miezi minne kwa wapimaji. Hela ya kadi imekwenda na ya kupimisha imekwenda.

Nilichojifunza baadaye kwa mzee ningekijua mapema nisingelipa hata senti. Kadi za Topps kuanzia 1957 ni inchi 2 na nusu kwa 3 na nusu. Nunua kadi ya mchezaji asiye na jina ya mwaka huohuo, hizo ni dola moja mbili, ilaze juu ya ile unayotaka kununua, zipange kingo, ile iliyokatwa itajionyesha. Ya 1971 iangalie kwa ubavu chini ya taa, kuna watu wanapaka maka pen kuficha weupe, na kwa ubavu utaona wino umezama kwenye karatasi. Doa la kahawia nyuma lisikutishe, zamani pakiti ilikuja na bigijii ndani na ilikuwa inaacha alama.

Kwahiyo ushauri wangu kwa kadi za dola 30 au 50 usipimishe, gharama inaipita kadi yenyewe. Kama una ya maelfu hapo sawa, maana kujua kama imechezewa ni muhimu na hiyo kazi wanaijua, siwezi kuwanyima haki yao. Huduma nawapa nyota 2. Kadi zenyewe zilizochakaa nazipa 5 moyo mweupe. Ile ya 1971 nilivunja kasha nikaitoa, mzee alishtuka kidogo, lakini nataka niishike, kwa sababu mwaka huo ndio Pirates walipanga tarehe 1 Septemba kikosi cha kuanza ambacho wachezaji wote walikuwa weusi na walatino, mara ya kwanza kwenye ligi kuu, Clemente yumo, na Oktoba wakachukua ubingwa yeye akiwa mchezaji bora wa fainali. Fainali alicheza mbili maishani, 1960 na 1971, kila moja ni mfululizo wa mechi, mechi 14 jumla, na hakuna hata moja aliyotoka bila hiti. Huyo ndiye ninayemsoma nikirudi kazini usiku.

Hata ile ya 1969 iliyokatwa sijaitupa. Ndiyo Bob ya mwisho, nimeiweka kwenye kava yake na karatasi nyuma inayosema wazi imekatwa ili isije ikauziwa mtu mwingine siku mimi sipo.

Inayonikosesha usingizi sa hivi ni ya 1970, namba 350, ambayo jina Roberto linarudi. Mzee kaipata wiki iliyopita, kona zimeisha na mtu aliwahi kuiandika kwa kalamu nyuma, kaniwekea pembeni mpaka Ijumaa mshahara ukitoka.