Kutembezwa Kaole na Misheni Bagamoyo: kijana kajibu swali lililonishinda

Jumamosi tulienda Bagamoyo mimi, mama mkwe na mwanangu wa miaka minane, tukachukua kijana wa kututembeza, magofu ya Kaole asubuhi afu Misheni ya Wakatoliki mchana. Nampa nyota nne.

Mi Mkatoliki, mama mkwe Muislamu wa swala tano, na nyumbani hatujawahi kugombana kwa hilo, ila juzi mtoto karudi shule kaambiwa na mwenzake eti Mungu wa bibi yake siye Mungu wa mama yake, yani iliniuma na nikakosa la kumjibu. Sasa tumefika kwenye ule msikiti wa kale wa Kaole, umebaki kuta za matumbawe tu na mihrabu, kile kidaka cha ukutani cha kuonyesha kibla, paa hakuna, yule kijana kavua kandambili zake pale mlangoni ndo akaingia, mama mkwe na yeye akavua, akaweka kiganja kwenye mihrabu akanyamaza. Mtoto hapo hapo akauliza lile swali.

Kijana akachuchumaa wakawa sawa, akamwambia kwenye Kuruani, sura ya Ankabut aya ya 46, Waislamu wameambiwa wawaambie watu wa Kitabu, yani Wayahudi na Wakristo, kwamba Mungu wetu na Mungu wenu ni mmoja. Nikadhani ataishia hapo ili aniridhishe, wala, akaendelea ila sisi tunasema hakuzaa wala hakuzaliwa na Isa ni nabii, mama yako anasema Yesu ni Mwana wa Mungu, hapo hatukubaliani, sikufichi. Kwa hilo tu hela yangu ilikuwa halali yake.

Misheni ni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, walifika 1868, wakawa wanawakomboa watumwa na kuwapa makazi. Kabla ya kuingia kanisani kijana akavua kofia, hakuna aliyemwambia. Nikaona na mi niseme la kwetu, kwamba Mtaguso wa pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1965 ulitamka Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja aliye hai, muumba wa mbingu na nchi. Mama mkwe akanigeukia, "Mwanangu, miaka yote hii mbona hujaniambia?"

Mi naamini ni yule yule, Mungu wa Ibrahimu. Utatu siuachi, ndo imani yangu, na sitajifanya ni jambo dogo ili nyumba itulie, lakini ndugu wakibishana baba yao alikuwa mtu wa namna gani haina maana wana baba wawili.

Nyota niliyobana: bajaji aliyotutafutia ilichelewa karibu nusu saa, mama wa watu kasimama juani Kaole bila hata chupa ya maji, halafu makumbusho ya Misheni katupitisha mbio mbio. Mkienda na mzee bebeni maji na mwavuli, na muanze saa mbili asubuhi.