Nyumba ya Mji Mkongwe au ya tofali Fuoni: mnunuzi akague nini

Ukienda kukagua nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, chukua tochi na bisibisi. Kuta ni za mawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na ubovu hupenda kukaa pale boriti inapoingia ukutani. Chomeka bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, boriti imekwisha. Tazama na lipu. Saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, na chumba kimoja tu kilichopakwa rangi mpya hunitia shaka kuliko ukuta unaomenyeka. Beit al-Ajaib yenyewe, kasri la huko Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Ya tofali kule Fuoni, nje ya mji, haina mengi: nyufa, nondo zilizoshika kutu, karo la maji machafu, bati. Ila nenda wakati wa masika, utafute mstari wa maji ukutani. Na sheha, kiongozi wa mtaa, umwone mapema.

Muuzaji naye? Wa mjini asafishe mifereji ya paa, rangi aiache. Wa Fuoni atoe hati zake kabatini.

Mimi ningechukua ya Fuoni. Ya mjini huijui gharama mpaka ufungue dari.