Dishi moja, ving'amuzi vinne: maltiswichi yangu baada ya msimu mzima wa mvua Kigoma

Maltiswichi ni kifaa cha kugawia ving'amuzi vingi mawimbi ya dishi moja, kila kimoja kikatazama chake. Nyumba yetu ipo Gungu, hapa Kigoma mjini. Nyumba kubwa tunakaa mama, mimi na wanangu. Uani kuna vyumba viwili vya kupangisha. Miaka yote tulikuwa na dishi moja na king'amuzi kimoja sebuleni, na hakuna aliyelalamika. Kisha mama akapata luninga yake ya chumbani, na mpangaji mpya akaja na king'amuzi chake mkononi. "Dada, naomba nichomeke kwenye dishi lenu." Nikamwambia karibu, bila kujua nimekubali nini.

Fundi wa kwanza alileta splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja ukawa mitatu. Akafunga, akajaribu luninga moja baada ya nyingine, zote zikaonyesha. Akalipwa, akaenda zake. Usiku mama kuweka taarifa ya habari tu, hodi mlangoni: chaneli ya mpangaji imepotea. Mama akibadilisha, ya mpangaji inarudi, ya sebuleni inaondoka. Wiki nzima tuliishi hivyo, tunaulizana dirishani nani anatazama nini. Mama aliona aibu mbele ya mpangaji, na mimi niliona aibu mbele ya mama.

Nilikaa chini nikajifunza, kwa sababu nilishachoka kulipa mafundi wa kubahatisha. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ikiwa ya kawaida yenye tundu moja, hupokea amri ya king'amuzi kimoja. Amri yenyewe hupanda kwa umeme kwenye waya uleule unaoshusha picha: volti 13 king'amuzi kikitaka mawimbi ya wima, volti 18 kikitaka ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 kikitaka bendi ya juu, ile inayoanzia megahezi 11,700. Kwa hiyo chaneli zote za setilaiti zimegawanyika makundi manne (wima au mlalo, bendi ya chini au ya juu), na LNB hiyo hutoa kundi moja kwa wakati mmoja. Ving'amuzi viwili vikiagiza tofauti, volti kubwa ndiyo inayosikilizwa. Splita haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Kama una ving'amuzi viwili, nunua LNB ya matundu mawili, yaishe. Vikiwa vinne, ipo ya matundu manne inayoitwa quad, kila tundu linajitegemea, na wengi inawatosha. Mimi nilitaka nafasi ya kuongeza kwa sababu tunajenga chumba cha tatu, ndiyo maana nikachukua maltiswichi ya 5 kwa 8: tundu nne zinapokea kutoka kwenye LNB, la tano ni la antena ya kawaida, na nane zinatoka kwenda vyumbani. Kila king'amuzi kinachagua kundi lake humo ndani bila kumgusa mwenzake.

Hapa niliteleza, na wewe usiteleze. Maltiswichi ya namna hii inataka LNB ya quattro, si quad. Kwa sura huwezi kuzitofautisha, zote zina tundu nne. Dukani Mwanga niliuziwa quad, muuzaji akaniapia ni kitu kilekile. Tukafunga, tukapata chaneli za kundi moja tu, nyingine zote hakuna. Quad husubiri amri ya king'amuzi katika kila tundu. Quattro kila tundu lina kundi lake la kudumu, haisubiri mtu. Geuza LNB uisome mdomoni kabla hujalipa: ya quattro imeandikwa VL, VH, HL na HH kwenye tundu zake (herufi ya kwanza, V ni wima na H ni mlalo; ya pili, L ni bendi ya chini na H ni ya juu), na maltiswichi nayo ina herufi hizohizo. Yangu iliagizwa Dar, ikaja na basi. Tahadhari nyingine ya dukani: kuna swichi ndogo ya DiSEqC, nayo wanaiita swichi tu. Hiyo kazi yake ni kinyume kabisa, inaunganisha LNB kadhaa kwenye king'amuzi kimoja.

Sasa nije kwenye waya, kwa sababu nikiulizwa ni nini kimeiokoa kazi hii, jibu ni waya kabla ya maltiswichi. Fundi wa pili, kijana wa Mwandiga, mtaratibu sana, alimsalimia mama shikamoo hata kabla hajauliza dishi liko wapi, kisha akatoa mfukoni kipande cha sumaku ya spika iliyokufa. Akakigusisha kwenye kiini cha ule waya wa zamani. Kikanata. "Hiki ni chuma kimepakwa shaba, dada. Mawimbi hupita juujuu, kwenye shaba, kwa hiyo hayadhuriki sana. Lakini umeme wa kulisha LNB hupita katikati, na chuma kinauchosha." Tukaenda naye dukani na ile sumaku, tukagusisha mabunda matatu mpaka tukapata waya wa dishi wa aina ya RG6 ambao kiini chake hakikuvuta sumaku. Muuzaji hakufurahi, ila hakuwa na la kusema.

Zilitumika mita 138 kwa jumla. Nne fupi za mita 12 kutoka kwenye dishi hadi maltiswichi, iliyofungwa chini ya paa la kibaraza mahali pasipofika mvua. Kisha mita 9 sebuleni, 14 kwa mama, 31 na 36 kwa wapangaji. Kwa waya wa RG6 wa kawaida, kwenye masafa ya juu unapoteza kama desibeli 30 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa kila mita 100, kwa hiyo ule wa mwisho unapoteza kama 11 hivi. Picha inafika vizuri, ila nisingependa kuurefusha zaidi bila kuongeza kikuza mawimbi.

Viunganishi tuliviweka vya kubana kwa koleo lake, si vile vya kuzungusha kwa mkono ambavyo baada ya miezi vinalegea. Kijana alikuwa anakagua kila ncha kwa kuiinua kwenye mwanga, asiache uzi hata mmoja wa ule wavu wa chuma unaozunguka waya kwa ndani ukagusa kiini, kwani hapo unapata shoti. Nje kwenye dishi alivisha kila kiunganishi utepe wa mpira unaojishika, na kabla waya haujaingia ndani akaushusha chini kidogo halafu ukapanda, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya. Kitu kidogo sana. Ule waya wa fundi wa kwanza tulipoukata ulitoa maji na wavu wake ulikuwa umegeuka kijani.

Kisa cha mchikichi lazima nikiseme. Dishi letu linatazama setilaiti za nyuzi 7 Mashariki, zilipo chaneli za Azam, na kutoka Kigoma hiyo maana yake ni magharibi ukielekea kaskazini kidogo, juu ya ziwa. Upande huohuo, mita kumi hivi kutoka kwenye dishi, pana mchikichi aliopanda marehemu baba. Fundi wa kwanza alisema ukatwe. Mama akamjibu mchikichi wa baba haukatwi kwa ajili ya luninga, na kumbe alikuwa sahihi hata kwa hesabu: kutoka hapa kwetu setilaiti ile iko juu sana, nyuzi kama 63 kutoka usawa wa ardhi. Kwa umbali huo mti ungetakiwa kulipita dishi kwa karibu mita 20 ndipo uzibe. Wetu haujafika hata nusu. Mawese tunaendelea kukamua.

Baada ya kufunga LNB mpya, ving'amuzi viwili havikupata kitu mpaka tulipoingia kwenye mipangilio yake na kuchagua LNB ya 9750/10600. Usiogope ukiona kimya, anza hapo. Na waambieni wapangaji mapema: maltiswichi inagawa mawimbi, haigawi malipo. Kila king'amuzi cha kulipia kina kadi yake na kifurushi chake.

Lalamiko langu kubwa juu ya kifaa chenyewe ni umeme. Hii yangu lazima ichomekwe ukutani, na niliichomeka kwenye umeme wa nyumba kubwa. Wapangaji wana LUKU yao, mita ya umeme wa kulipia kabla. Siku timu yetu ya Mashujaa inacheza, uwanja ni huuhuu wetu wa Lake Tanganyika na mpangaji wangu kabaki nyumbani na mtoto mgonjwa, LUKU yetu ikaisha nikiwa kazini. Chumbani kwake taa zinawaka, luninga inawaka, picha hakuna. Aliponieleza jioni nilimwomba radhi kwa moyo wote, maana analipa kodi yake kwa wakati. Sasa maltiswichi inalishwa na inveta ya sola inayowasha taa za ulinzi. Zipo aina zinazolishwa na ving'amuzi vyenyewe bila kuchomekwa. Kama una wapangaji, tafuta hizo kwanza.

Nilinunua pia chuma cha ardhini na waya mnene wa shaba kutoka kwenye mkono wa dishi na kwenye maltiswichi. Wanaoijua radi ya huku ziwani hawataniuliza kwa nini. Haizuii radi ya moja kwa moja, ndiyo maana ngurumo zikikaribia bado tunachomoa.

Mvua zilianza mwishoni mwa Oktoba, zikaisha Mei. Katika muda wote huo hakuna chaneli iliyopotea kwa sababu ya chumba kingine. Wingu zito likitanda ziwani na mvua ikashuka kwa nguvu, picha huganda dakika chache kwenye luninga zote nne kwa pamoja. Hilo ni la masafa haya yenyewe, hakuna swichi itakayoliondoa, ingawa dishi la sentimita 90 limepunguza sana kuliko lile dogo la mwanzo.

Maltiswichi na LNB vilinigharimu shilingi 185,000, waya na viunganishi 190,000, fundi 60,000, bila kuhesabu ile quad niliyokosea, ambayo nimempa dada yangu Ujiji na inamtosha kabisa. Ni pesa nyingi. Ningezitoa tena, na ningeanza na kijana wa sumaku.

Tundu nne bado zipo wazi. Chumba cha tatu kinaezekwa wiki hii, na bomba la kupitishia waya nimeshalichimbia ukutani kabla lipu haijapigwa.